Pua Yako Haina Tatizo: Dhana Potofu Kuhusu Vijana na Mitandao

"Picha haidanganyi." Hii ndiyo dhana iliyowashika zaidi vijana wanaojipiga selfi jioni Jiwe la Bismarck la Mwanza likiwa nyuma yao.

Inadanganya, tena kabla hujagusa filta. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, hivyo inatoka kubwa. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30. Kamera ikisogea hadi mita moja na nusu, kasoro hiyo karibu inaisha. Kwa hiyo mpe mwenzako simu, arudi nyuma, akupige. Binti anayejikagua kwa selfi kila siku anajilinganisha na watu waliopigwa kwa mbali, mwanga umepangwa, picha moja ikateuliwa kati ya nyingi. Filta nayo inamng'arisha ngozi, na hapo mkorogo hupata mteja. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu zinaharibu figo, si rangi tu.

"Punguza muda, utajipenda." Nusu yake ni kweli. Mwaka huohuo wa 2018, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilifuatilia wanafunzi 143. Waliobanwa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao walipungukiwa upweke na sonona baada ya wiki tatu, ila kujithamini kwao hakukubadilika. Kwa maoni yangu, unayemtazama ana uzito kuliko saa unazotazama: acha kumfuata anayekufanya uuchukie mwili wako, hata kama ni rafiki yako wa Nyegezi.

"Anayekesha anaperuzi hana nidhamu." Wazazi wanaipenda hii. Lakini ukurasa usio na mwisho, unaozidi kuleta vipya kadiri unavyoteremka, ulibuniwa: mbunifu wa programu Aza Raskin aliuanzisha mwaka 2006, na baadaye akasema hadharani kuwa anajutia. Ukimlaumu kijana peke yake umemwachia mbunifu. Simu ichajiwe sebuleni usiku. Inasaidia kuliko mahubiri.

"Mtandao unakula bando tu." Hapana. Waulize wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, wanaotumia picha za WhatsApp kutafuta wateja wa mikoani. Na dagaa hawahitaji filta, wanahitaji kukauka vizuri.