Shuka, blanketi au duveti? Dhana potofu tunazolala nazo

Februari iliyopita, Dar ikiwa inachemka, jirani yangu aliniletea duveti kubwa nyeupe nimshonee kava. Alikuwa ameilalia hotelini kwenye semina, akaipenda, akahangaika Kariakoo mpaka akapata inayofanana nayo. Nikamshonea. Wiki mbili baadaye akarudi amemshika mkono mwanawe wa miaka mitatu, shingo na mgongo vimejaa harara, akaniuliza kama kitambaa changu kilitiwa dawa.

Kitambaa kilikuwa pamba tupu. Shida ilikuwa kile kilichomo ndani, polista imejazwa tele, na chumba chenye feni moja inayozungusha hewa moto. Siku hiyo niliona haya kidogo, kwa sababu nilijua tangu anakuja na ile duveti, nami nikanyamaza nikapima tu upana. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mashuka na foronya hapa Temeke, lakini nimekulia Makete ambako Juni na Julai asubuhi unakuta sakitu imetanda kwenye majani. Nimelala kwenye baridi ile na nimelala kwenye joto hili. Mengi ninayosikia wateja wakiambiana si kweli.

"Blanketi zito ndilo lenye joto"

Hakuna blanketi lenye joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya blanketi ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, wala si uzito. Manyoya laini ya bata hayana uzito wa maana, ila yana hewa tele, na usiku wa baridi yanalishinda blanketi la kilo nne lililoshindiliwa. Kwa sababu hiyohiyo, blanketi kuukuu lililokandamizana likawa kama mkeka haliwezi tena kazi, ingawa ukilibeba uzito ni uleule.

Waingereza wana kipimo cha uwezo huo kwa duveti, togi, kilichobuniwa Manchester miaka ya 1940. Togi 4.5 ni ya majira yao ya joto, 10.5 ni ya katikati, na 13.5 ni ya baridi kali. Duveti za mtumba kutoka kwao huwa na lebo ndogo kwenye kona, na mara nyingi namba imeandikwa. Ukikuta 13.5 imening'inia Tandika, ujue ilitengenezwa kwa chumba cha Uingereza mwezi Januari. Kama una ndugu Njombe, mnunulie. Kama unalala Temeke, irudishe kwenye kamba.

Mablanketi mawili mepesi hushinda moja zito. Kati yake hukaa tabaka jingine la hewa, na ukitokwa jasho usiku wa manane unavua moja. Ukiwa na moja zito, utakuwa umefunikwa au umeachwa wazi, basi.

Lakini kosa kubwa la watu wa nyanda za juu ni kurundika juu na kusahau chini. Godoro jembamba la sponji ukishalilalia linabanwa, hewa yake inatoka, na baridi ya sakafu inapanda moja kwa moja mgongoni. Wageni walipojaa nyumbani watoto tulilala chini, na bibi aligawa mablanketi mwenyewe. Kama mlipewa mawili, moja alilitandika chini kwa mikono yake, akalinyoosha pembe zote nne, ndipo akaweka shuka juu yake. Mtoto aliyelivuta usiku ajifunike yote mawili aliamka anatetemeka. Leo nikimwambia mteja wa Mbeya atandike blanketi kuukuu chini ya shuka kabla hajanunua la tatu la juu, haamini mpaka ajaribu.

Na lile blanketi la Kimasai la miraba myekundu, wengi huliita la sufu. Mengi yanayouzwa siku hizi ni akriliki, nyuzi za kiwandani. Linahifadhi joto vizuri na silikatai, ila usilipe bei ya sufu. Sufu halisi ina jambo ambalo akriliki na polista hazina: hunywa mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi unyevu. Pamba ikiwa katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8 hivi ya uzito wake. Polista haifiki hata asilimia 1.

"Duveti ndiyo kitanda cha kisasa"

Hiyo asilimia 1 ndiyo iliyomtoa mtoto wa jirani harara. Mwili ukiingia usingizini hujipoza, na namna mojawapo ni kutoa jasho. Kitu kilichomfunika kisiponywa jasho wala kulipitisha, ngozi hubaki imelowa, mirija ya jasho inaziba, vipele vinatoka. Hapo hakuna dawa kwenye kitambaa wala uchafu wowote. Ni jasho lililokosa pa kwenda.

Hoteli ina duveti kwa sababu ina kiyoyozi kinachounguruma usiku kucha. Chumba kile kimefanywa baridi kwanza, ndipo mgeni akafunikwa. Wewe ukichukua duveti ukaacha kiyoyozi, umechukua nusu ya habari. Hata ule weupe una sababu zake: mashuka yote yanafuliwa pamoja kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha bila kuogopa kuchuja rangi, na mgeni anaona mwenyewe kwamba ni safi. Wanaosema shuka jeupe huchafuka upesi wanakosea. Jeupe na la kahawia huchafuka sawasawa, ila la kahawia linaficha.

Kwa usiku wa Februari hapa Pwani, joto likibaki karibu nyuzi joto 25 hadi alfajiri, kitu bora ninachokijua cha kujifunika ni kanga. Wa Mombasa wataniambia leso, sawa. Ni pamba, nyepesi, ina upana wa kumtosha mtu mmoja, na kila inavyofuliwa ndivyo inavyolainika. Nawajua watu wenye vyumba vizuri kabisa wanaoificha chini ya mto mgeni akija, wasionekane wanalala na kanga. Inaniuma. Mama zetu wa Pwani walilijua joto hili kabla duveti ya kwanza haijashuka bandarini.

Ukitaka kitanda kipendeze mchana, tandika kitandiko chako cha mapambo, usiku kikunje uweke pembeni. Kinachoonekana na mgeni na kinachogusa ngozi yako si lazima viwe kitu kimoja.

"Nyuzi 1000, pamba ya Misri, satini: hilo ndilo shuka"

Namba ile kwenye pakiti ni hesabu ya nyuzi zilizomo kwenye inchi moja ya mraba, za kwenda na za kukatiza zikijumlishwa. Shuka zuri la pamba likiwa na 200 hadi 400 limetosha sana. Inchi moja ni ndogo, haina nafasi ya nyuzi elfu za kawaida. Kiwanda kinachotaka namba kubwa huchukua uzi mmoja uliosokotwa kutokana na nyuzi nyembamba tatu au nne, kikauhesabu mara tatu au nne. Unachopata ni shuka zito, lililobana, lisilopitisha hewa, kwa bei ya juu. Ubora hasa hutokana na urefu wa unyoya wa pamba yenyewe, kwa sababu uzi wa pamba ndefu ni laini na hauoti vinundu ukifuliwa.

Pamba ya Misri imepata jina kwa urefu huo, na jina ndilo linaloibwa. Mwaka 2016 maduka ya Target ya Marekani yaliachana na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kugundua kwamba mashuka na foronya zipatazo 750,000 zilizoandikwa pamba ya Misri zilitengenezwa kwa pamba nyingine. Kama wao wenye wakaguzi na wanasheria walidanganywa, mimi na wewe tukisimama Mtaa wa Kongo na pakiti mkononi tuna nini?

Tuna kiberiti. Chomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa shuka, za kwenda na za kukatiza, zisokote kidogo, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na chandarua, uziwashe. Pamba huwaka mara moja kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni la kijivu, laini, ukiligusa linasagika. Polista hunywea kwanza, ikakimbia moto, ikayeyuka ikitoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki shanga ngumu ambayo kucha haiivunji. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Ukipata jivu na vishanga pamoja, ni mchanganyiko. Mwenye duka hatakuruhusu kuwasha moto dukani, na ana haki, kwa hiyo nunua shuka moja kwanza, ulijaribu nyumbani, ndipo urudi kuchukua seti.

Mchanganyiko si dhambi, usinielewe vibaya. Shuka la pamba na polista halikunjamani sana na hukauka upesi, nami nawashonea hosteli kila mwaka. Ninachokipinga ni kuuziwa hilo kwa jina la pamba tupu.

Satini nayo watu huiita hariri. Hariri ni uzi wa kiwavi. Satini ni namna ya kufuma tu: uzi unaruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini ya mmoja, na hiyo miruko ndiyo inayong'aa. Inaweza kufumwa kwa hariri, kwa pamba au kwa polista, na hii inayouzwa rahisi ni polista. Ukiingia kitandani inakupokea kwa ubaridi mtamu. Baada ya muda mfupi inakuganda mgongoni.

"Kitanda 6 kwa 6, shuka 6 kwa 6"

Hapa napoteza wateja wengi, maana wanadhani nataka kuwauzia kitambaa zaidi. Chukua godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8. Upana ni inchi 60. Shuka lazima lishuke inchi 8 kila upande, halafu lipate kama inchi 6 kila upande za kuchomekea. Hizo ni inchi 88. Urefu kwa hesabu ileile ni inchi 100. Shuka dogo kuliko hapo litachomoka usiku, mtaamka mmelala juu ya godoro. Kwa godoro la 6 kwa 6, upana na urefu ni inchi 100 zote. Na duveti au blanketi la watu wawili lizidi upana wa kitanda angalau futi moja, la sivyo mwenye nguvu ndiye atakayelala.

Kitu kingine cha kupima ni beseni lako. Duveti isiyoingia kwenye beseni na usiyo na mashine ya kuifulia haitafuliwa, nami nimefungua nyingi zilizokaa mwaka mzima hivyo. Ukiifua wakati wa masika itakaa na maji siku kadhaa na kuota ukungu ndani. Unyevu wa Pwani unawastawisha pia utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana wanaokula magamba ya ngozi yetu. Hawaumi, ila kinyesi chao huamsha pumu na mafua ya mzio. Kufua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi joto 60 huwaua. Kwenye nyumba yenye mwenye pumu, chagua kifuniko kinachofulika.

Kunguni ni habari nyingine. Kuanika godoro juani hakuwamalizi, maana wanahamia upande wa kivuli na ndani ya pindo. Wala si alama ya uchafu, husafiri kwenye mabegi na mitumba. Chochote cha mtumba kifuliwe kwa maji ya moto kabla hakijaingia chumbani.

Na anayejifunika gubigubi akidhani amewashinda mbu, kitambaa chembamba kikigusa ngozi mbu hupenyeza mdomo wake hapohapo. Chandarua kibaki.

"Mtoto mchanga afunikwe sana asipate baridi"

Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu najua kule kwetu mama zetu walitufunika kwa mapenzi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba katika mwaka wa kwanza mtoto alazwe chali, na mahali anapolala pasiwe na blanketi, duveti, mto wala kitu chochote laini kisichobanwa. Mtoto huyo hawezi kuondoa kitu kilichomfunika pua, na joto likizidi linamweka katika hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kwenye baridi, mvalishe nguo juu ya nguo, soksi, suruali ndefu. Joto liwe kwenye nguo, uso ubaki wazi. Seti ile nzuri ya zawadi ya uzazi, yenye kiduveti na kimito, ihifadhiwe mpaka akue.

Mtoto wa jirani harara zilimpoa zenyewe. Duveti mama yake aliipandisha basi mwezi wa sita akampelekea bibi yake Lushoto, ambako imepata usiku wake. Kava halikwenda. Nilimwonyesha kwamba likiwa tupu ni mashuka mawili ya pamba yaliyoshonwa pamoja, nikafumua upande mmoja, nikapiga pindo, akapata mawili ya kujifunika. Foronya mbili zilizobaki kwenye kitambaa kile bado hajaja kuzichukua.