Kupima radoni inayotoka katika ardhi ya Goma

Upande wa Mugunga na Bulengo, magharibi mwa Goma, kipimo changu cha kwanza si cha radoni, ile gesi yenye mionzi. Mabonde madogo ya huko hujaa mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama chini kwa uzito wake, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Kwa hiyo sipigi magoti kabla sijahakikisha kwamba hewa ya hapo inavutika.

Gesi hiyo inayoua ndiyo inayoibeba radoni. Radoni huzaliwa radiamu, elementi yenye mionzi, inapooza, yaani atomi zake zinapovunjika, ndani ya mwamba, na kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imekwisha, hivyo ikijipenyeza yenyewe haifiki mbali. Ikisukumwa na kaboni dioksidi katika nyufa, hufika juu ikitoka kina kikubwa zaidi.

Chombo ninachotumia ni mfano wa sufuria iliyofudikizwa. Hukandamiza ukingo wake ardhini, nikauzungushia udongo mbichi kwa vidole mpaka pasibaki upenyo, kisha pampu ndogo huzungusha hewa kati ya chombo na kigunduzi cha chembe za alfa, ambazo radoni huzitoa inapooza. Kasi ya ongezeko la radoni, ikizidishwa kwa ujazo wa hewa hiyo na kugawanywa kwa eneo la mdomo wa chombo, hutoa idadi ya bekereli (kipimo cha mionzi: atomi moja inayovunjika kwa sekunde) zinazotoka katika kila mita ya mraba kwa sekunde. Juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 kazi hii ni ngumu mno, maana ukingo haukai sawa na gesi huchagua nyufa.

Namba hiyo peke yake siiamini. Naitazama pamoja na toroni, ndugu yake radoni, ambayo hupungua nusu kwa sekunde 56 tu na hivyo haina budi kuwa imetoka karibu sana. Radoni ikipanda pamoja na kaboni dioksidi huku toroni ikibaki palepale, nashuku kuna ufa unaoleta gesi kutoka kina kikubwa. Vilevile naandika mvua na kanieneo ya hewa, kwani udongo ulioloa huziba vinyweleo vyake.

Wenye nyumba huniuliza kama wako hatarini. Kipimo cha ardhini hakiwezi kuwajibu: kiwango cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ni cha hewa ya ndani, nayo hupimwa chumbani, ikiwezekana kwa miezi.