Je, wajua bakteria huwa sugu kabla hata ya kukutana na dawa?

Kaa kidogo kwenye kemisti yoyote ya Nairobi, iwe Kayole, Kawangware au River Road, na hutakosa kumsikia mteja akisema, "Hiyo usinipe, daktari, mwili wangu umeshaizoea." Anazungumzia antibayotiki, pengine amoksilini aliyoimeza mwezi uliopita asipate nafuu. Muuzaji anaitikia, anachukua pakiti nyingine kwenye rafu, na biashara inaendelea.

Mwili haukuzoea chochote. Antibayotiki inawalenga bakteria, na kilichobadilika ni lile kundi la bakteria lililomo mwilini. Hilo wengi waliosoma baiolojia shuleni wanalijua. Shida ni kwamba mtu akishatoka kwenye kosa hilo la kwanza huangukia la pili, ambalo ni gumu zaidi kung'oka: kwamba dawa yenyewe ndiyo inayowafunza bakteria. Wakionjeshwa dozi ndogo wanaizoea, wakionjeshwa tena wanaijua, mwishowe hawaiogopi. Kauli hiyo utaisikia redioni, na hata walimu wazuri huitumia kwa sababu inaeleweka haraka. Sisi wenyewe hujifunza kwa kuumia, kwa hiyo tunawapa na bakteria tabia yetu.

Tena kosa hili halitokani na ujinga. Cyril Hinshelwood, mwanakemia wa Oxford aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1956, aliitetea kwa miaka mingi hoja kwamba seli ya bakteria hujirekebisha yenyewe kuikabili dawa. Na ukitazama tu huwezi kumpinga. Unatia dawa kwenye chupa iliyojaa bakteria, karibu wote wanakufa, wachache wanabaki, na uzao wa wale wachache haufi tena kwa dawa hiyo. Inaonekana wazi kwamba dawa ndiyo iliyowabadilisha. Lakini kuna maelezo mengine yanayotoa picha ile ile kabisa: huenda wale wachache walikuwa sugu tayari, kwa bahati tu, kabla dawa haijaingia chupani, na kazi yote ya dawa ikawa kuwafyeka wenzao.

Utayatenganishaje maelezo haya mawili? Huwezi kumtambua bakteria sugu mpaka umtilie dawa, na ukishaitia huwezi tena kujua alikuwaje kabla. Swali lilikwama hapo. Waliolikwamua ni daktari kutoka Italia na mwanafizikia wa nadharia kutoka Ujerumani, na silaha yao ilikuwa kuhesabu.

Daktari ni Salvador Luria, mzaliwa wa Turin, Myahudi aliyekimbia ufashisti hadi Paris, kisha akaikimbia Paris kwa baiskeli Wajerumani walipoingia mwaka wa 1940. Mwanafizikia ni Max Delbrück, mzaliwa wa Berlin. Huyu wa pili ananivutia sana kwa sababu jina lake limo katika vitabu vya fani mbili zisizokaribiana. Mwaka wa 1933, akiwa msaidizi wa mwanafizikia Lise Meitner, alipendekeza kwamba fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati kubwa ikipita karibu na kiini cha atomu nzito inaweza kugeuka kwa muda mfupi mno kuwa jozi ya elektroni na positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Jozi hiyo huungana tena kuwa fotoni, lakini sasa imepindishwa njia. Kwa maneno mengine, mwanga unapotoshwa na uga wa umeme mahali ambapo fizikia ya zamani ilisema upite moja kwa moja. Majaribio ya miongo iliyofuata yalithibitisha jambo hilo, na hadi leo wanafizikia wa chembe huliita mtawanyiko wa Delbrück. Kufikia wakati huo mwenyewe alikuwa ameshahamia kwenye bakteria na virusi wanaowashambulia, yaani bakteriofaji.

Walikutana Philadelphia mwishoni mwa mwaka wa 1940. Vita vilipofika Marekani, wote wawili kisheria walihesabiwa raia wa nchi adui.

Mapema mwaka wa 1943, Luria akiwa mwalimu Bloomington, Indiana, alihudhuria dansi ya walimu wa chuo. Pembeni palikuwa na mashine ya kamari, na mwenzake mmoja alikuwa akiilisha sarafu bila kurudishiwa chochote, Luria akimtania. Mara mashine ikamwaga sarafu tele. Yeyote aliyeziona mashine za aina hiyo zilipoingia mitaani Nairobi anajua tabia yake: mara nyingi haitoi kitu, mara chache inatoa kidogo, na mara moja moja inatoa rundo. Luria aliondoka na wazo kwamba namna malipo yanavyotawanyika inaweza kufichua kinachoendelea ndani ya mashine, hata kama huwezi kuifungua.

Chukua mirija 20 midogo. Katika kila mmoja weka mchuzi wa kukuzia bakteria na bakteria mia kadhaa tu, wa aina moja, *Escherichia coli*, ambao kwa kawaida huuawa na virusi fulani. Waache wazaliane. Baada ya vizazi 20 hivi kila mrija una mamia ya mamilioni ya bakteria, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na virusi. Sasa mwaga sehemu ya kila mrija, kiasi kilekile, kwenye sahani yake yenye jeli iliyopakwa virusi tele. Wasio sugu wanakufa. Kila aliye sugu anabaki, anazaliana palepale alipo, na kesho yake unamwona kwa macho kama kitone cheupe. Hesabu vitone.

Ikiwa virusi ndivyo vinavyosababisha usugu, basi kila bakteria anapata nafasi yake ndogo ya kunusurika pale kwenye sahani, wakati uleule, na sahani zote 20 zina idadi karibu sawa ya bakteria. Vitone vinapaswa kukaribiana: hapa 9, pale 13, kule 11. Lakini ikiwa usugu hutokea kwa bahati wakati bakteria wanazaliana mrijani, kabla ya virusi, basi kila kitu kinategemea ulitokea lini. Ukitokea katika kizazi cha mwisho, unaacha bakteria sugu mmoja. Ukitokea vizazi sita kabla ya mwisho, yule mmoja ameshakuwa 64. Ukitokea mapema zaidi, ni mamia. Na katika mirija mingi hautatokea kabisa.

Haya ndiyo matokeo ya jaribio moja katika makala waliyochapisha mwaka huohuo wa 1943, sahani kwa sahani: 1, 0, 3, 0, 0, 5, 0, 5, 0, 6, 107, 0, 0, 0, 1, 0, 0, 64, 0, 35.

Yasome tena polepole. Sahani 11 kati ya 20 hazina kitu, halafu moja ina 107. Wastani ni 11.35, na hakuna sahani hata moja iliyoukaribia. Wangekuwa wamefunzwa na virusi, kipimo cha mtawanyiko ambacho wanatakwimu hukitumia kingekuwa karibu sawa na wastani, yaani 11 hivi. Kilitoka 694.

Mtu makini angeuliza kama tofauti hizo hazikuletwa na mkono wa mhesabuji au sahani zenyewe. Nao walijiuliza. Katika jaribio la kulinganisha walikuza bakteria wengi pamoja katika chombo kimoja, wakachota sampuli 10 na kuzimwaga kwenye sahani 10. Hapo vitone vilikuwa kati ya 13 na 26, wastani 16.7, mtawanyiko 15. Sahani ni zilezile, mkono uleule na virusi wale wale. Tofauti pekee ni kwamba sampuli hizi zilichotwa kutoka historia moja, wakati mirija 20 ilikuwa na historia 20 tofauti. Tofauti kubwa basi ilizaliwa ndani ya mirija, kabla virusi havijaonekana.

Ile 64 inanisimamisha kila ninapoisoma, kwa sababu ndiyo hasa idadi anayoiacha bakteria mmoja akijigawa mara sita. Haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana sahani ilipokea sehemu tu ya mrija, na huenda mabadiliko mawili au matatu yalitokea katika mrija ule na hesabu ikaangukia hapo. Hesabu ya kutenganisha uwezekano huo ndiyo iliyokuwa kazi ya Delbrück. Ni hesabu ya kitu kinachotokea kwa nasibu kisha kikajizidisha, nayo ni ya jamii moja na ile ambayo wanafizikia huitumia kwa nyutroni zinazozaa nyutroni katika kinu cha nyuklia, au kwa chembe moja kutoka angani inayogonga hewa na kuzaa mvua ya chembe. Katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, fizikia na baiolojia hufundishwa kwenye uwanja mmoja, na mwanafunzi wa upande wowote anaweza kulifuata jaribio hili lote kwa kalamu na karatasi. Mwaka wa 1969 Luria na Delbrück waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Alfred Hershey.

Jaribio lilihusu virusi, si dawa. Lakini ushahidi upande wa dawa nao ni mzito. Edward Abraham na Ernst Chain walieleza mwaka wa 1940 kuhusu kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini, muda mfupi kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Oxford kudungwa dawa hiyo mwaka wa 1941. Mwaka wa 2011 watafiti waliripoti jeni za usugu katika udongo ulioganda wa Kanada wenye umri wa miaka 30,000.

Viwanda navyo vililielewa jambo hili haraka. Aina ya kuvu iliyowezesha penisilini kutengenezwa kwa wingi ilipatikana mwaka wa 1943 kwenye tikiti lililooza mjini Peoria, Illinois. Ili itoe dawa zaidi, watafiti waliipiga mionzi ya eksirei na baadaye ya urujuanimno, wakivuruga jeni zake bila mpangilio, kisha wakapima uzao mmoja mmoja na kubaki na ule uliotoa nyingi.

Hata hivyo picha si nyepesi kiasi hicho. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wameripoti bakteria wa taifodi jijini Nairobi wanaohimili dawa kadhaa kwa pamoja, na usugu wa namna hiyo mara nyingi hautokani na mabadiliko mapya ndani ya seli. Jeni zinazouleta hubebwa kwenye plazmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake. Pia imeonekana kwamba baadhi ya antibayotiki, zinapoharibu DNA ya bakteria bila kumuua, huongeza kasi ya mabadiliko ya jeni. Kasi inapanda, lakini mabadiliko hayo bado hayachagui yatue wapi.

Kuna mahali pamoja ambapo ile hoja iliyoshindwa mwaka wa 1943 imerudi na kukubaliwa. Katika viwanda vya yogati, virusi wanaweza kuua hamira ya bakteria na kuharibu tangi zima la maziwa. Wanasayansi wa kampuni ya Danisco, wakichunguza *Streptococcus thermophilus*, bakteria anayegandisha yogati, walionyesha mwaka wa 2007 kwamba baadhi ya walionusurika walikuwa wamekata kipande cha DNA ya virusi na kukiweka ndani ya DNA yao, kwenye eneo liitwalo CRISPR. Kwa kipande hicho walimtambua virusi huyo akirudi, na uzao wao ukairithi kumbukumbu hiyo. Huku ni kujifunza kwa maana kamili. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada walionyesha kwamba virusi wabovu, wanaoingia ndani ya bakteria lakini wakashindwa kuzaliana, ndio wanaompa nafasi nzuri ya kukata kipande hicho kabla hajafa.

Njia hiyo haiwafai bakteria dhidi ya amoksilini. Virusi huingia akiwa amebeba DNA yake mwenyewe, na ndiyo inayokatwa na kuhifadhiwa. Amoksilini ni molekuli ndogo isiyobeba DNA yoyote, kwa hiyo hakuna kipande cha kukata.