Dawa ya kupaka ya mimea: eti "haina kemikali"?

Jamani kila anayeuza mafuta ya soriasisi (ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba kwenye ngozi) au ya pumu ya ngozi lazima aseme "hii ni ya mimea, haina kemikali kabisa", na watu wanaamini, kwa hiyo leo tuliweke sawa. Dawa ya kupaka ya mimea ni kitu kilichotolewa kwenye jani, gome, mbegu au mzizi, unapaka ili kupunguza mwasho, ukavu na ule uvimbe unaoletwa na kinga yako mwenyewe ya mwili. Magonjwa haya hayaambukizi, na hayaponi moja kwa moja, yanatulizwa. Maana ndo hiyo tu.

Sasa hiyo "haina kemikali". Kinachotibu ndani ya mmea NI kemikali! Chukua araroba, mti wa Brazil, ndani ya shina lake kuna unga ambao Wareno waliupeleka mpaka Goa kule India, watu wakawa wanapaka kwenye fangasi za ngozi, ukaitwa unga wa Goa, halafu miaka ya 1870 daktari wa London, Balmanno Squire, akaona unasaidia soriasisi. Kilichokuwa kinafanya kazi mle ni krisarobini. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza maabara kitu kinachokaribiana nacho sana, dithranoli, na bado ni dawa ya soriasisi mpaka leo. Moja ya mti, nyingine ya maabara, na zote mbili zinatuliza mabaka, zote zinaunguza ngozi isiyo na ugonjwa ukipaka ovyo, zote zinaacha madoa kwenye nguo. Na ndimu je, si mmea? Jipake maji yake ukae juani uone malengelenge.

Kinachoniuma zaidi ni wazazi wenye watoto wa pumu ya ngozi. Birmingham, Uingereza, madaktari walipima krimu 24 za "mitishamba" walizokuwa wanapakwa watoto, matokeo yakatoka 2003: krimu 20 zilikuwa na steroidi, yaani dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, na baadhi yake ilikuwa klobetasoli, steroidi hiyohiyo kali watu wanayojichubulia huku kwetu. Mzazi anaona mtoto katulia haraka, anajua ni majani.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiipenda dawa ya mimea itumie, siipingi, ila usiseme haina kemikali, sema ina kemikali ya mmea fulani, na kama muuzaji hawezi kukutajia ni mmea gani na umewekwa kiasi gani, usimpake mtoto.