Je, wajua ni kwa nini udongo halisi wa msituni huonekana wa bandia chini ya modeli ya kijeshi?

Mtu anayetengeneza modeli ya kijeshi na kutaka kuiweka katikati ya msitu huwa na wazo moja lisiloonekana kuwa na kasoro yoyote: achote udongo wa msituni, aubandike kwenye kibao pamoja na majani yake makavu na vijiti vyake, kisha asimamishe askari juu yake. Kwa mkazi wa Moshi kazi hiyo haihitaji safari, kwa kuwa Msitu wa Rau uko pembezoni mwa mji. Mkazi wa Arusha naye ana miteremko ya Mlima Meru. (Misitu ya hifadhi si mahali pa kuchota udongo bila ruhusa, lakini chini ya mwembe wa nyumbani hupatikana udongo unaofaa vilevile, au tuseme usiofaa vilevile.) Hoja inayomwongoza ni kwamba hakuna kinachoweza kufanana na msitu kuliko msitu wenyewe. Gundi ikishakauka, hata hivyo, anayeonekana pale ni mwanasesere aliyeangushwa bustanini, na wala hakuna anayeweza kumdhania kuwa askari aliye vitani.

Jambo la ajabu ni kwamba mtengenezaji akiiona kasoro hiyo huilaumu rangi ya askari, au mikono yake mwenyewe, kisha hujaribu kuirekebisha kwa kuongeza uhalisia uleule ulioileta: majani zaidi, vijiti zaidi, mchanga zaidi. Kila anachoongeza huzidisha tatizo, kwa sababu vitu hivyo vyote vimebeba ukubwa wao wa asili, na jicho la binadamu linaujua ukubwa huo bila kuuliza.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa modeli za vifaru na askari ni 1:35, ambacho kilienezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba namba hiyo isiyo ya kawaida ilitokana na ukubwa wa betri zilizopaswa kuingia ndani ya kifaru chao cha kwanza chenye mota, jambo ambalo, likiwa la kweli, linamaanisha kwamba maelfu ya misitu midogo duniani imepimwa kwa betri. Katika kipimo hicho askari mwenye urefu wa mita 1.75 huwa na sentimita 5. Ardhi yake nayo yapaswa kupungua mara 35, lakini udongo uliochotwa chini ya mwembe haujapungua hata kidogo. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita 1 inakuwa kwa askari huyo jiwe la sentimita 3.5, na punje ya milimita 2, ambayo wanajiolojia bado huiita mchanga, inakuwa jiwe la sentimita 7 linaloweza kumtegua kifundo cha mguu.

Tuchukue mfano wa karibu. Tarehe 21 Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipigana na majeshi ya Ujerumani ya Paul von Lettow-Vorbeck huko Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi, kwenye vichaka na miti iliyosongamana kandokando ya mito. Upande wa Wajerumani ulikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ambayo wenyewe waliizamisha katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Katika kipimo cha 1:35 mdomo wa mzinga huo una upana wa milimita 3 kamili. Kokoto moja ya kawaida kutoka uani, ikiwekwa karibu na gurudumu ili kuongeza uhalisia, inaweza kuuziba mdomo huo kama kizibo, na mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu vipimo atahisi papo hapo kwamba mzinga ule ni wa kuchezea.

Yafaa sasa kuwa waangalifu, kwa kuwa ni rahisi kuruka kutoka kosa moja hadi lingine na kudai kwamba vitu vyote vya asili havifai. Jiwe lililovunjika huweza kufaa sana. Kingo zake zilizopasuka hufanana na kingo za mwamba mkubwa, na mwamba hufanana na genge zima la mlima. Ndiyo maana wanajiolojia wanapopiga picha ya mwamba huweka nyundo au sarafu pembeni, vinginevyo hakuna awezaye kujua kama picha inaonyesha ukuta wa mita 20 au kipande cha kuweka mfukoni. Mwanahisabati Benoît Mandelbrot alilieleza jambo la aina hii mwaka 1967 alipoizungumzia pwani ya Uingereza, kwamba mikunjo yake huendelea kufanana kadiri mtu anavyoisogelea. Mizizi nayo ina tabia hiyo: mzizi mwembamba uliong'olewa na kukaushwa hugawanyika kwa namna inayofanana na mti mzima, na kwa sababu hiyo hufaa kuwa shina lenye matawi, au mizizi mikubwa inayotambaa juu ya ardhi kama inavyoonekana kwenye misitu yenye maji karibu na uso wa udongo.

Kwa hiyo mpaka unaohusika hapa unapita kati ya vitu vyenye ukubwa unaojulikana na vitu visivyo na ukubwa maalumu, nao haulingani na mpaka kati ya asili na bandia. Jani, sindano ya msonobari, ukoka na tone la maji viko upande wa kwanza. Jiwe na mzizi viko upande wa pili. Hata hivyo jiwe la maeneo yetu lina hila yake. Mawe mengi ya volkano yanayopatikana Arusha yamejaa matundu yaliyoachwa na gesi, na tundu la milimita 2 litasomeka kama shimo la sentimita 7 kwenye mwamba. Baadhi ya mawe yaliyotoka Kibo yana fuwele zinazoonekana wazi kwa macho, ambazo kwenye modeli huwa vigae vilivyopachikwa ukutani. Jiwe linalofaa ni lile lenye chembe ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha.

Kwenye majani ndipo mtengenezaji wa kwetu anapopata nafuu ambayo maelekezo ya Ulaya hayamwambii. Huko hutumia magamba madogo ya mashada ya mbegu ya mti wa bachi (birch), ambayo umbo lake linafanana na jani dogo. Sisi hatuna mti huo, lakini tuna migunga kwenye tambarare za chini ya Moshi. Kijani kimoja kati ya vile vingi vinavyounda jani la mgunga huwa na urefu wa milimita 1 hadi 4, yaani sentimita 3.5 hadi 14 katika kipimo cha 1:35, urefu ambao jani la kweli la msituni laweza kuwa nao. Vijani vya mjakaranda, ambavyo barabara nyingi za Arusha zinavitoa bure, ni vikubwa mno: kimoja hukaribia sentimita 1, na kikimwangukia askari kitamfunika kofia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Anayetumia kipimo cha 1:72 ajue kwamba hata kijani cha mgunga cha milimita 3 kwake ni jani la karibu sentimita 22, na huenda akafanya vyema zaidi kutumia majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, kukaushwa kabisa na kusagwa.

Wingi wa majani nao hukosewa. Picha nyingi zinazoigwa ni za misitu ya Ulaya, ambako baridi huchelewesha kuoza na majani hurundikana. Kwenye msitu wa tambarare wenye joto na unyevu, kuvu na mchwa hufanya kazi upesi, hivyo tabaka la majani huwa jembamba na udongo hujitokeza hapa na pale. Anayetengeneza mapigano ya Msitu wa Hürtgen, Ujerumani, ya mwaka 1944 ana hesabu nyingine: sindano za miti ya huko zina urefu wa sentimita 1 hadi 2, ambazo kwenye modeli ni takriban nusu milimita au pungufu, na vumbi laini la msumeno kutoka kwa seremala linatosha. Wanaokata sindano za misonobari ya mashamba ya Meru vipande vya sentimita 1 huwatandikia askari wao fito za sentimita 35.

Tuseme basi kwamba udongo umechekechwa kwa kitambaa chembamba, umekaangwa kwenye sufuria kuukuu ili kuua mayai ya wadudu na kuvu, na majani yamechaguliwa vizuri. Unanyunyiziwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na unageuka kuwa mweusi. Hilo halishangazi, kwa kuwa udongo ukilowa hukolea. Kinachoshangaza ni kwamba ukikauka haurudi kwenye rangi yake ya awali.

Udongo hauna rangi iliyokaa juu yake tu. Rangi tunayoiona ni mwanga ulioingia kati ya punje, ukagongana nazo na kutoka tena. Mfikirie mtu anayeingia Soko la Kilombero akiwa na fedha mfukoni. Kama kila meza anayoifikia inamgeuza vikali, baada ya hatua chache atajikuta amerudi kwenye lango aliloingilia, akiwa bado na fedha zake karibu zote. Kama njia zimenyooka na meza zinamgeuza kidogo tu, ataingia ndani kabisa, kila meza itamtoza kidogo, na huenda asitoke na chochote. Mwanga kwenye udongo mkavu ni mtu wa kwanza. Hewa iliyo kati ya punje inatofautiana sana na madini kwa jinsi inavyopitisha mwanga (hewa hupewa namba 1, na kwazi, madini ya punje nyingi za mchanga, takriban 1.54), na tofauti hiyo ndiyo inayoupindisha mwanga vikali na kuurudisha nje mapema. Maji yakiingia yenye namba 1.33, tofauti hupungua, mwanga huzama zaidi, na kila punje hunyonya sehemu yake. Maji baadaye huondoka, lakini gundi hubaki, na gundi iliyokauka ina namba takriban 1.47, iliyo karibu zaidi na kwazi kuliko ilivyo ya maji. Kwa lugha ya soko, njia zimenyooshwa na hazitajifunga tena. Udongo uliogandishwa hivyo umeloweshwa milele, hata kama ni mkavu kwa kidole.

Dawa yake ni kuacha kuitegemea rangi ya udongo. Udongo hutumika kwa ajili ya umbo, kisha hupakwa rangi isiyong'aa, na mwisho hupigwa vumbi kavu kwa brashi kavu bila gundi, ili hewa ibaki kati ya punje za juu.

Wengi hushauri pia rangi zote ziwe nyepesi kuliko za kweli, kwa hoja kwamba hewa kati ya mtazamaji na kitu hufifisha rangi. Ushauri wenyewe mara nyingi husaidia, lakini hoja yake ni dhaifu. Anayeitazama modeli kutoka sentimita 35 yuko, kwa kipimo chake, mita 12 kutoka kwa askari, na hewa safi ya mita 12 haifanyi kazi yoyote inayoonekana. Huenda sababu ni mwanga wa ndani ya nyumba, ambao ni hafifu sana ukilinganishwa na wa jua, ingawa hiyo nayo ni dhana inayoelekea kuwa kweli kuliko jambo lililothibitishwa. Anayetaka kujaribu aipeleke modeli nje saa nne asubuhi kabla ya kuongeza rangi nyeupe.

Yabaki matope, ambayo kwa Kahe hayaepukiki, kwa kuwa mvua za masika zilianza kumwagika siku hizohizo. Hapa asili inatoa zawadi moja na kunyang'anya nyingine. Zawadi ni nyufa. Tope la mfinyanzi likikauka husinyaa na kuvutana, na kila ufa hulegeza mvutano kwa umbali unaokwenda sambamba na unene wa tabaka. Tabaka likiwa nene, vipande vinakuwa vikubwa. Likiwa jembamba, vinakuwa vidogo. Kwa hiyo mfinyanzi mwembamba uliopakwa juu ya kibao hupasuka wenyewe katika vipande vidogo vinavyofanana na vya mbuga iliyokauka, bila fundi kuchora hata mstari mmoja, na hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo udongo halisi hujipunguza wenyewe.

Kinachonyang'anywa ni maji. Mvutano wa uso wa maji huyafanya yapande kwenye kingo na kujikunja kwa umbali wa milimita 2 hadi 3, na umbali huo haubadiliki hata dimbwi liwe dogo kiasi gani. Kwa askari wa 1:35 ni ukingo wa karibu sentimita 10, ambao dimbwi la barabarani halina. Vanishi na utomvu wa viwandani hufanya vivyo hivyo vikimiminwa kwa wingi. Inafaa kupaka vanishi inayong'aa tabaka moja baada ya jingine, kila moja likauke kwanza, na zile za mwanzo zichanganywe na rangi kidogo ya tope, kwa sababu dimbwi la masika halionyeshi chini yake.