Wenzi wa Njiani Msimu wa Sikukuu: Zungumzeni Kwanza Mtakavyoachana

Kazi yangu ni kuwapangia safari watu wanaozunguka nchi za watu na begi mgongoni. Kila ikifika Desemba swali huwa lile lile: nimekutana na watu hosteli, tumepatana, wanataka twende wote Krismasi mpaka Mwaka Mpya, niende? Mara nyingi nawaambia nendeni. Usiku wa tarehe 24 katika mji usioujua, milango imefungwa na kila mwenyeji yuko kwao, unamwelemea hata aliyezoea kutembea peke yake. Ila kabla hamjaungana, zungumzeni mtakavyoachana.

Miezi mingine urafiki wa njiani haumfungi mtu. Mkishindwana jioni, asubuhi kila mmoja anapanda basi lake. Sikukuu zinaiondoa nafasi hiyo. Vitanda vya bwenini vimejaa, tiketi zimekwisha, na ziko hosteli ambazo Mwaka Mpya hazikubali mgeni wa usiku mmoja. Ni lazima ulipie siku kadhaa mfululizo. Uingereza, tarehe 25 treni hazitembei. Japani, kati ya tarehe 29 Desemba na 3 Januari, makumbusho mengi na ofisi hufungwa, huku treni zikifurika watu wanaorudi makwao. Kwenye hifadhi ya Torres del Paine nchini Chile, ambako Desemba ni kiangazi na wageni ni wengi, huruhusiwi kulala njiani bila nafasi ya kambi uliyoiweka mapema. Sasa nafasi hiyo ikiwa imeandikwa jina la mwenzako, na nyie mmegombana, utalala wapi? Ndiyo maana nasisitiza kila mtu awe na tiketi yake na kitanda chake kwa jina lake mwenyewe, hata kama anayejitolea kuwalipia wote ni mtu mwema kuliko wote.

Linalovunja vikundi kuliko hata tabia za watu, kwa niliyoyaona, ni pasipoti. Watu wanapanga njia wakiwa wamekaa meza moja, kila mmoja na pasipoti ya nchi yake, na mpango hufuata mwendo wa yule ambaye milango yote iko wazi kwake. Yeye anavuka mpaka kwa muhuri tu. Wewe unahitaji viza iliyoombwa wiki kadhaa kabla. Na mwisho wa Desemba ndio wakati mbaya zaidi wa kuiomba, maana balozi nyingi hufunga sikukuu za nchi zao na za nchi zilipo. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuzungumzia fukwe na milima, kila mmoja aseme anaingia wapi bila viza, pasipoti yake inaisha lini, na kama mko Ulaya, amebakiwa na siku ngapi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, katika zile 90 anazoruhusiwa mgeni kukaa ndani ya kila siku 180. Indonesia na nchi nyingine kadhaa hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Ni mazungumzo ya dakika chache. Yasipofanyika, mtu mmoja anaachwa mpakani huku wenzake wakilazimika kuchagua kati yake na tiketi walizokwisha kulipia, na hakuna chaguo la haki hapo.

Hali ya hewa nayo hugawa watu. Thailand, kwa mfano, Desemba upande wa Krabi na Phuket huwa mkavu, wakati visiwa vya Ghuba ya Thailand kama Ko Samui bado vinaweza kupigwa na mvua. Anayetaka bahari tulivu na anayefuata sherehe za ufukweni huenda hawaendi njia moja, na si kosa la yeyote.

Pesa napenda ziwe kwenye mfuko mmoja mdogo wa kuchangiana, kwa ajili ya teksi, maji na chakula cha pamoja tu. Malazi kila mtu alipe mwenyewe. Anayeshika mfuko abadilike kila baada ya siku chache, na hesabu zifungwe kabla ya kuvuka mpaka, si baada. Kip, sarafu ya Laos, kwa mfano, ni vigumu kuibadilisha ukishatoka Laos. Anayekudai na akalipwa kwa noti hizo ng'ambo ya pili ni kama hajalipwa.

Begi la mtu usilibebe. Hata la yule mliyecheka naye wiki nzima, hata kwa hatua chache tu kwenye foleni ya forodha. Sheria ya Singapore humchukulia aliyekuwa na begi lenye dawa za kulevya kuwa ndiye mwenye dawa hizo, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo, na adhabu ya huko inaweza kufikia kifo. Mwambie mwenzako waziwazi kwamba hubebi. Anayekujali hatakuuliza mara mbili. Pikipiki za kukodi pia: bila leseni inayokubalika nchi hiyo, bima ya safari kwa kawaida hailipi, na gharama ya hospitali itamwangukia aliyeumia na wenzake watakaoshindwa kumwacha.

Kisha wekeni siku ya kuulizana. Mimi hupendekeza tarehe 27 Desemba: Krismasi imepita, na Mwaka Mpya bado unaweza kupangwa upya. Kila mtu aseme anaendelea au anashukia hapo, na asiulizwe sababu. Anayeshuka na bado anatamani sikukuu yenye watu, Georgia na Serbia huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari. Mjini Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, siku hiyo hufanyika maandamano ya Alilo, na kufikia hapo wageni wengi wa Mwaka Mpya watakuwa wameanza kuondoka.