Mgonjwa anavuta sigara: tumwambie nini?

Nahudumia kliniki ya presha na kisukari hapa Tanga. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza yaleyale, nami hujibu yaleyale.

Nianzeje bila kumuudhi mzee wa watu?

Shikamoo kwanza. Kisha, si mbele ya foleni, muulize kama anavuta, anavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza anaiwasha saa ngapi. Anayeiwasha kabla hajanawa uso, nikotini imemshika kweli. Halafu mwambie waziwazi aache. Dakika 3 zinatosha. Kinachonichosha ni faili lililoandikwa "anavuta" mara nne, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aache.

Amevuta miaka 30, mwili umeshazoea. Akiacha ghafla si atakufa?

Hapana. Nalisikia hili kwenye mabaraza ya kahawa Ngamiani, nalisikia kwa wavuvi wa Deep Sea, na linaniuma zaidi likitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mlevi wa kupindukia akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege. Hiyo ni pombe. Sigara haiui kwa kuachwa, inaua kwa kuvutwa. Mapigo ya moyo huanza kutulia ndani ya dakika 20, na baada ya mwaka ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu.

Mbona alipojaribu aliumwa kweli?

Ile ilikuwa arosto, mwili unadai nikotini uliyoizoea. Hasira, kichwa, njaa, usingizi kukatika: siku 3 za mwanzo ndizo kali, na wiki 2 hadi 4 nyingi hupoa. Hata kikohozi huweza kuzidi kwa muda, kifua kinajisafisha. Mwambie mapema, asije akarudi kwenye pakiti akidhani anajitibu. Ila kikohozi cha wiki 2, awe ameacha au hajaacha, apimwe makohozi. "Kikohozi cha sigara" si jina la ugonjwa.

Basi apunguze kidogo kidogo?

Wengi hupunguza idadi, kisha wanaivuta ile moja mpaka inawaunguza vidole. Apange siku ndani ya wiki 2, na ikifika asinunue hata ya moja moja. Kahawa ikimkumbusha sigara, ahame baraza kwa muda. Hamu ikija hudumu dakika chache. Anywe maji, atafune tangawizi. Kuhamia ugoro au shisha si kuacha.

Ana miaka 60, si amechelewa?

Hapana, tena hapana. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha kwamba anayeacha akiwa na 60 hupata kama miaka 3 zaidi ya kuishi. Anayeacha akiwa na 40, kama 9.

Akirudia?

Usimgombeze. Muulize alikuwa wapi, na nani, kisha mpange siku nyingine. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Na wewe unayejificha nyuma ya tenki la maji kuvuta, wagonjwa wanakuona.